Tangazo la Mnada Lililorudi Mara Tatu

Tangazo la mnada limetoka gazetini mara ya tatu. Nyumba ni ileile: fleti ya vyumba vitatu vya kulala magharibi mwa Nairobi, maegesho ya magari mawili, kisima, jenereta. Masharti ni yaleyale pia: asilimia 25 ya bei inalipwa nyundo ikigonga, salio ndani ya siku 90. Mara mbili dalali amesimama mbele ya watu, mara mbili ameondoka na nyundo yake bila kuigonga.

Ilikuwa Oktoba 2025, na mwezi huohuo dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa wakia.

Ukiziweka habari hizo mbili pamoja, jibu linakuja mbio: nyumba zimekufa, dhahabu imeshinda. Kwenye makundi ya chama na ya SACCO ndivyo watu wanavyosema. Lakini katika jengo hilohilo kuna fleti nyingine zinauzwa bila mnada, na wenyewe wanataka bei ileile waliyoitaka miaka mitano iliyopita, wala hawapunguzi.

Kama nyumba zimekufa, mbona bei haijashuka?

Na kama bei haijashuka, mbona hakuna anayenunua?

Swali hilo ndilo limenikera wiki kadhaa sasa. Jibu lake limo ndani ya deni, na si lazima liwe deni la mnunuzi.

## Mshahara mmoja, nyumba tatu

Chukua mtu anayeweza kutoa shilingi 93,700 kila mwezi kwa miaka 20. Mshahara haubadiliki, mke hajaacha kazi, watoto hawajaongezeka. Kinachobadilika ni riba tu.

Kwa riba ya asilimia 13, marejesho hayo yanabeba mkopo wa shilingi milioni 8.

Kwa asilimia 18, yanabeba milioni 6.07.

Kwa asilimia 9, yanabeba milioni 10.4.

Ni mtu yuleyule na jasho lilelile. Anapoingia ofisi ya mauzo haulizi nyumba ina thamani gani, anauliza kwa mwezi ni ngapi. Kwa hiyo riba ikishuka, wanunuzi wote wanapata nguvu kwa pamoja, na muuzaji anaipandisha bei mpaka nguvu hiyo yote iishe. Riba ikipanda, nguvu inaondoka na bei inabaki ikining'inia hewani, kama kamba ya nguo baada ya nguo kuanuliwa.

Sasa mtazame aliyekwisha kukopa. Milioni 8 kwa asilimia 13 inataka kama 93,700 kwa mwezi. Mikopo mingi ya nyumba hapa ni ya riba inayoelea, kwa hiyo ikifika asilimia 18 marejesho yanakuwa 123,500. Wengi hukimbilia benki kuomba miaka iongezwe ili marejesho yabaki palepale. Hapo ndipo hesabu inapomgeuka mtu. Asilimia 18 ya milioni 8 ni 1,440,000 kwa mwaka, yaani 120,000 kwa mwezi, na hiyo ni riba peke yake. Ukilipa 93,700, hata upewe miaka mia moja, deni halipungui. Linakua.

Kukopa harusi, kulipa matanga.

## Lakini hapa watu hawakopi nyumba

Hoja hii ni nzuri kwa Marekani au Uingereza, ambako nyumba nyingi hununuliwa kwa mkopo. Kenya ni nchi ya watu zaidi ya milioni 50, na mikopo ya nyumba iliyokuwa kwenye vitabu vya benki mwishoni mwa 2023 ilikuwa karibu 30,000 tu. Tanzania hali ni hiyohiyo au chini yake. Watu hujenga kwa taslimu, kidogo kidogo, mawe leo na mabati mwakani. Basi deni linaingilia wapi?

Linaingia kwa milango mitatu, na mnunuzi kwa kawaida haioni.

Wa kwanza ni wa mstawishaji. Anauziwa ardhi, anaiweka hati mama, yaani hati ya kiwanja kizima, rehani benki, anajenga kwa mkopo, na anaanza kuuza fleti zikiwa bado ramani. Wewe unalipa asilimia 20, kisha 40, kisha 60, kwa taslimu yako isiyo na deni. Riba ikipanda, mauzo yanapungua, mkopo wa mjengo unazidi kula, saruji inasimama ghorofa ya sita. Siku benki inapodai, yenyewe ndiyo yenye rehani juu ya hati mama, na wewe una mkataba wa mauzo na risiti. Hukukopa hata senti, ila umelipia deni la mtu mwingine. Ndiyo maana upekuzi wa hati mama hufanywa kabla ya malipo ya kwanza, si wakati wa kukabidhiwa funguo. Kama kuna rehani, mkataba useme wazi benki imekubali kwa maandishi kuiachilia fleti yako ukimaliza kulipa. Tangu Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni wa kumbukumbu za ardhi, uanzishwe Nairobi mwaka 2021, na tangu sheria ya hati za sehemu za majengo ya 2020, kisingizio cha kutofanya hivyo kimebaki kidogo sana.

Wa pili ni mkopo wa biashara uliowekewa nyumba dhamana. Baadhi ya nyumba zinazopigwa mnada hazikununuliwa kwa mkopo wa nyumba kabisa. Nyingine ni za mkandarasi aliyejenga barabara na hajalipwa. Deni la serikali kwa wakandarasi na wauzaji wa bidhaa linahesabiwa kwa mamia ya mabilioni ya shilingi. Mtu anadaiwa na benki huku yeye mwenyewe anamdai mdaiwa mkubwa kuliko wote.

Wa tatu ni serikali yenyewe, nao ndio uliofanya kazi kubwa zaidi ya yote.

## Februari 2024

Kenya ilikuwa na hatifungani, yaani karatasi ya deni la serikali, ya dola bilioni 2 inayotakiwa kulipwa Juni mwaka ule, na masoko yalikuwa na wasiwasi. Shilingi ilikuwa imefika karibu 160 kwa dola. Ndani ya mwezi mmoja mambo matatu yakatokea: Benki Kuu ikapandisha riba yake elekezi hadi asilimia 13, serikali ikakopa dola bilioni 1.5 nje ili kununua sehemu ya deni la zamani. Na hapa ndani ikauza hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu, kwa asilimia 18.46, bila kodi.

Ilitaka shilingi bilioni 70. Maombi yakapita bilioni 280.

Fikiria mwenye milioni 10 mkononi wiki ile. Fleti ya kupangisha, ukitoa ada ya huduma, matengenezo na miezi isiyo na mpangaji, inamwachia pengine asilimia 5, yaani 500,000 kwa mwaka. Hatifungani inampa 1,846,000 kwa mwaka, ikiingia kwenye akaunti kwa awamu mbili, bila mpangaji wala fundi bomba. Huyu ndiye alikuwa mnunuzi wa fleti za Nairobi: mwenye taslimu, asiyehitaji mkopo wa benki. Mzunguko wa deni la taifa ulimchukua kwa jioni moja.

Ndiyo sababu naona ni kosa kusema riba haigusi nyumba zetu kwa kuwa hatukopi. Inamgusa asiyekopa kwa nguvu zaidi, maana anaweza kuondoka.

## Siku 219

Basi mbona bei haikuanguka?

Kwa sababu nyumba haina bei mpaka iuzwe. Ina kumbukumbu ya bei. Mwenye nyumba asiye na deni anakumbuka jirani aliuza milioni 14 mwaka 2018 na anasubiri. Hakuna wa kumlazimisha. Anayelazimishwa ni mwenye deni, na sheria inamlinda kwa muda mrefu kuliko watu wanavyodhani.

Hesabu siku kwa sheria ya ardhi ya 2012 na kanuni za madalali. Mdaiwa akae mwezi mmoja bila kulipa. Kisha notisi ya kwanza ya miezi mitatu. Kisha notisi ya kuuza, siku 40. Kisha dalali naye anatoa notisi ya siku 45 ya kukomboa mali. Kisha tangazo gazetini, na mnada usifanyike kabla ya siku 14. Ukizijumlisha ni kama siku 219, zaidi ya miezi saba, na hapo hajaenda mahakamani kuomba zuio. Akipata zuio, miezi inageuka miaka. Riba inaendelea muda wote huo, ingawa kanuni ya sheria ya benki inaizuia isizidi deni la msingi lililokuwepo mkopo ulipoanza kutolipwa.

Halafu kuna sakafu. Benki ikiuza kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba haikutafuta bei nzuri, na mzigo wa kujitetea unakuwa wake. Kwa hiyo hakuna ofisa wa benki anayependa kushuka chini ya robo tatu ya tathmini. Na tathmini inatoka wapi? Mthamini anaangalia nyumba zinazofanana. Kama hakuna mauzo mapya, anaangalia bei zinazotajwa kwenye matangazo, yaani bei za wale wanaosubiri. Bei ambayo hakuna anayelipa inakuwa msingi wa bei ambayo benki haiwezi kushuka chini yake.

Hapo ndipo tangazo linaporudi mara ya tatu.

Hali hii si ya Nairobi peke yake. Benki Kuu ya Japani ilipandisha riba yake kutoka asilimia 2.5 Mei 1989 hadi 6 Agosti 1990. Ardhi katika miji mikubwa haikuanguka kwa siku moja. Ilishuka mwaka baada ya mwaka kwa zaidi ya muongo, kwa sababu benki ziliendelea kuwapangia upya mikopo wateja waliokwisha kushindwa, zikikwepa kuandika hasara. Mikopo chechefu, yaani isiyolipwa, ya benki za Kenya ilipita asilimia 16 ya mikopo yote mwaka 2024. Ukisikia "tumepanga upya mkopo", jua ni bei ya nyumba iliyoahirishwa.

Kwa hiyo mzunguko wa deni unafika kwenye nyumba kwa njia ya kimya: siku za kusubiri mnunuzi zinaongezeka, mwenye nyumba anakubali malipo ya awamu, anaachia samani, analipa ada za wakili za mnunuzi. Bei iliyoandikwa haiguswi. Mfumuko wa bei unamalizia kazi iliyobaki.

## Dubai, mahali pa kupimia

Anayetaka kuona nyumba na dhahabu zikipita kwenye dhoruba moja la deni bila vurugu za shilingi, atazame Dubai. Dirhamu imefungwa kwa dola, 3.6725, tangu 1997. Na ni mji ambao wafanyabiashara wetu wa Kariakoo na Eastleigh wanaujua vichochoro.

Kabla ya Septemba 2008 watu walinunua fleti zilizo bado ramani kwa asilimia 10 na hundi za tarehe za mbele, wakaziuza kabla awamu ya pili haijafika. Nyumba moja ilibadilisha mikono mara tatu kabla ya kupata msingi. Mikopo ilipokauka, aliyeshika karatasi mwishoni ndiye aliyebaki na hundi zote, na hundi isiyo na fedha wakati ule ilikuwa jinai. Novemba 2009 kampuni ya serikali ya Dubai World ikaomba kusimamisha malipo ya deni lake. Kufikia 2011 nyumba nyingi zilikuwa zimepoteza karibu nusu ya bei.

Dhahabu kwenye soko la Deira? Dola 700 na kidogo Novemba 2008, karibu 1,900 Septemba 2011.

Wapenzi wa dhahabu husimulia mpaka hapo na kunyamaza. Wanaruka kipande cha kwanza.

Machi 2008 dhahabu ilikuwa imevuka dola 1,000. Ilifika hiyo 700 kwa kuanguka, katikati ya msukosuko uleule ambao ilitakiwa ikulinde. Fedha, ile ya madini, ilitoka zaidi ya dola 20 hadi karibu 9. Machi 2020 dhahabu ikafanya hivyohivyo kwa siku chache, kutoka karibu 1,680 hadi chini ya 1,500.

Sababu ni ya kawaida kabisa. Deni linapoitwa, mdaiwa hauzi anachotaka kuuza; anauza kinachopata mnunuzi saa hiyohiyo. Nyumba haipati, dhahabu inapata. Wepesi wake wa kuuzika, ambao ndio sifa yake, ndio unaoiangusha kwanza. Baada ya hapo, benki kuu zikishusha riba na kuchapisha fedha kuokoa wadaiwa, inapanda kabla ya kila kitu. Anayenunua dhahabu kwa ajili ya dhoruba ajiandae kuiona ikizama wiki za mwanzo, na asiwe na deni litakalomlazimisha kuiuza wiki hizo.

Maana dhahabu haina deni ndani yake mpaka mtu alitie. Mwaka 1980 ndugu wawili wa Texas, Nelson Bunker Hunt na William Herbert Hunt, walikuwa wamekusanya fedha ya madini kwa kukopa, wakaifikisha karibu dola 50 kwa wakia mwezi Januari. Tarehe 27 Machi wakashindwa kuongeza dhamana waliyotakiwa na madalali wao, na kwa siku moja bei ikaporomoka kutoka zaidi ya dola 21 hadi chini ya 11. Nyumba ya deni huanguka kwa miezi saba ya notisi. Madini ya deni huanguka kabla ya chakula cha mchana.

  

## Shilingi inapokula dhahabu yako

Hili ndilo lililonigeuza kidogo mawazo.

Mwisho wa Januari 2024, wakia moja ilikuwa karibu dola 2,050 na dola moja kama shilingi 160: shilingi 328,000. Mwisho wa Machi, baada ya ile mikopo ya Februari kutuliza masoko, dhahabu ilikuwa imepanda hadi dola 2,214, lakini dola imeshuka hadi karibu 132. Shilingi 292,000.

Dhahabu imepanda asilimia 8 kwa dola, na mwenye dhahabu wa Nairobi amepoteza asilimia 11.

Waliokimbilia dhahabu Januari ile walidhani wananunua madini. Walikuwa wananunua vitu viwili, madini na hofu ya deni la Kenya, na cha pili kilikuwa ghali kuliko kawaida. Mwaka 2011 ilikuwa mbaya zaidi. Septemba, dhahabu ilikuwa kileleni na shilingi ikiyumba. Wakia ilipita shilingi 175,000. Benki Kuu ikapandisha riba hadi asilimia 18 kufikia Desemba, kisha ikaanza kuishusha Julai 2012, ikafika 8.5 Mei 2013. Nyumba za Nairobi zikafufuka. Dhahabu ikateremka hadi karibu dola 1,060 mwisho wa 2015, na dola ikiwa shilingi 102, wakia ikawa 108,000. Aliyeuza ploti 2011 akanunua dhahabu alipoteza karibu asilimia 40, na ploti pia hana.

## Kanuni iliyovunjika

Kanuni ya zamani ilikuwa rahisi: dhahabu hailipi riba, kwa hiyo riba halisi ikiwa juu, yaani riba ukitoa mfumuko wa bei, dhahabu inashuka. Miaka ya 1980 na 1981, riba ya Marekani ilipokaribia asilimia 20, dhahabu ilitoka dola 850 ikaenda hadi karibu 300 mwaka 1982. Nyumba nazo zilisimama, maana mkopo wa nyumba wa miaka 30 Marekani ulipita asilimia 18 Oktoba 1981. Vyote viwili vilikuwa vinakula kutoka mkono mmoja.

Kati ya 2022 na 2024 riba ilipanda tena, na dhahabu, ingawa ilishuka kwa miezi kadhaa 2022, haikubaki chini. Ikapanda.

Baada ya akiba za Urusi kuzuiwa nje Februari 2022, benki kuu za dunia zilinunua zaidi ya tani 1,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu mfululizo. Benki Kuu ya Tanzania imo humo: tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wakubwa wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao kwa ajili ya soko la ndani, na Benki inainunua kwa shilingi. Mnunuzi wa namna hiyo haulizi riba ni ngapi. Anakimbia deni la mtu mwingine, yaani dola, ambayo kwa kweli ni ahadi ya serikali ya Marekani.

Hapa nina shaka na pande zote mbili. Ukiniambia dhahabu ya dola 4,000 ni ghali, sina kipimo cha kukubishia, kwa sababu kipimo cha riba kimevunjika. Ukiniambia haiwezi kushuka kwa sababu benki kuu zinanunua, nitakukumbusha kwamba serikali ya Uingereza, kupitia benki kuu yake, iliwahi kuuza zaidi ya nusu ya dhahabu yake kati ya 1999 na 2002, bei ikiwa chini ya dola 300 kwa sehemu kubwa. Wanunuzi wakubwa pia hukosea, tena kwa tani.

## Ukiingia dukani

Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, si 28.35 ya mizani ya jikoni. Kwa bei ya Oktoba 2025, dola 4,000 kwa wakia na shilingi 129 kwa dola, gramu ya karati 24 ilikuwa kama shilingi 16,600. Ya karati 22, ambayo ni sehemu 916 kati ya 1,000, ilikuwa kama 15,200. Tola, kipimo kinachotumika Dubai, ni gramu 11.66. Rudia hesabu hiyo kwa bei ya siku kabla hujaongea na muuzaji yeyote.

Bangili ya gramu 40 ya karati 22 ina dhahabu halisi gramu 36.6. Ujira wa sonara uliolipa haurudi, na wengi wakinunua tena wanakata kidogo cha kuyeyushia. Kipande cha gramu 1 kina ziada kubwa juu ya bei ya soko kuliko cha gramu 100. Ukinunua kidogo kidogo kila mwezi, hiyo ziada ndiyo riba yako, umeilipa mapema bila kujua.

Kupima: weka kikombe cha maji kwenye mizani ya sonara, irudishe sifuri, kisha ning'iniza kipande kwa uzi kizame chote bila kugusa chini wala kando. Gramu 100 za dhahabu safi zitasoma karibu 5.2. Bangili ya gramu 40 ya karati 22 itasoma kati ya 2.2 na 2.3. Shaba nyeupe au ya manjano itasoma karibu mara mbili ya hapo au zaidi. Kipimo hiki kinashindwa kwa tangsteni, ambayo uzito wake kwa ujazo unakaribiana sana na wa dhahabu. Mche uliotobolewa na kujazwa tangsteni unahitaji mashine ya mawimbi ya sauti. Mashine inayosoma kwa miale inaona ngozi ya juu tu. Vito vyenye mawe au uwazi ndani navyo vinadanganya maji.

Na dhahabu ghafi ya mchimbaji, ile ya "mjomba wangu ana kilo mbili", waachie wenye leseni. Bila leseni ya kufanya biashara ya madini ni kosa, hata ikiwa ya kweli. Nairobi mara nyingi si ya kweli.

## Nyumba kwa wakia

Fleti ya milioni 10 mwisho wa 2015 ilikuwa sawa na wakia 92 na nusu. Wakia hizo Oktoba 2025 zilikuwa karibu shilingi milioni 47.7. Fleti yenyewe, hata tukisema imefika milioni 12 na kodi ya wapangaji imekusanywa milioni 5 kwa miaka kumi, haijakaribia.

Hesabu hiyo ni ya kweli, na pia nimechagua mwaka wa kuanzia. Nikianza Septemba 2011 na kuishia Desemba 2015, milioni 10 za dhahabu zinabaki kama 6.1, na mwenye fleti amepokea kodi miaka minne juu ya bei iliyopanda. Anayekuonyesha mchoro mmoja kati ya hiyo miwili ana kitu cha kukuuzia.

Mchoro ninaoupenda mimi ni wa deni. Fleti ya milioni 10, umeikopea milioni 8 kwa asilimia 13. Riba ya mwaka wa kwanza ni karibu 1,035,000, kodi 500,000. Pengo ni 535,000: fleti lazima ipande zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka ili tu riba isikule. Riba ikifika 18, lazima ipande zaidi ya asilimia 9. Hiyo ndiyo bei halisi ya nyumba ya mkopo, na haiandikwi kwenye bango la mauzo. Na dhahabu ya kukopea? Kodi haipo kabisa, kwa hiyo lazima ipande kwa riba nzima. Bila deni, vyote viwili vinaweza kusubiri, na kusubiri ndiko kunakolipa katika mzunguko huu.

## Nyundo

Turudi kwenye tangazo. Riba elekezi ya Benki Kuu ilianza kushuka Agosti 2024 na kufikia Oktoba 2025 ilikuwa asilimia 9.25, ingawa benki za biashara hushusha zao polepole kuliko zinavyozipandisha. Hatifungani mpya hazilipi tena 18. Wenye taslimu wameanza kuangalia fleti upya.

Anayetaka kuingia mnada ule aje na hundi ya benki ya kushiriki, akiwa amekwisha kufanya upekuzi, kuona kodi ya kaunti na ada ya huduma zinazodaiwa, na kujua nani anaishi ndani na kama ana kesi. Asilimia 25 inahitajika papo hapo. Kwa sakafu ya milioni 9, hiyo ni 2,250,000, na hapa dhahabu ina faida ambayo ploti haina: vipande viwili vya gramu 100 vinageuka kiasi hicho, na kubaki, kwa mchana mmoja.

Salio ni 6,750,000 kwa siku 90. Asipolimaliza, zile milioni mbili na robo zinapotea na dalali anatangaza mara ya nne. Wengi wa wanaonyoosha mkono pale wanategemea mkopo wa benki kwa salio hilo, na benki inataka tathmini yake yenyewe, wakili wake mwenyewe na wiki zake za kutafakari, kwa riba ambayo haijatofautiana sana na ile iliyomleta mwenye nyumba kwenye ukurasa huu.

Siku 90 ni chache.